Daftari la Mjukuu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo niliupenda tangu nilipokuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Butimba, na katika miaka 39 ya kufundisha, ambayo 30 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu, niliufuata kama sheria. Nilikuwa na daftari la chaki, daftari la majembe ya shamba la shule, daftari la wageni, na juu ya yote daftari la mahudhurio, ambalo nililikagua kila asubuhi kabla kengele ya pili haijagongwa. Nilipostaafu mwaka 2010 na kuhamia katika nyumba yangu hapa Mkuyuni, niliyoijenga kidogo kidogo juu ya miamba kama wafanyavyo watu wengi wa Mwanza, nilidhani kazi ya madaftari imekwisha. Ningekaa barazani, nitazame ziwa, nisome gazeti na kusalimiana na wapita njia. Haikuwa hivyo. Mwaka 2014 nilinunua daftari jingine, lile kubwa lenye jalada gumu, nikaandika juu yake neno moja: Mjukuu.

Leo nataka kulifungua daftari hilo mbele yako, ndugu msomaji, hasa ikiwa nyumbani kwako yupo mtoto ambaye kila jirani anayo dawa ya kumshauria. Sina ushindi wa kutangaza. Mjukuu wangu hatembei, na sitegemei kwamba atatembea. Lakini kwa miaka minne tulijifunza, kwa hasara kubwa, namna ya kuamua tiba ipi ishikwe, ipi iachwe na ipi iendelee kutazamwa. Hasara hiyo kama itakupunguzia wewe yako, basi haikwenda bure yote.

Mjukuu alizaliwa mwaka 2013. Uchungu wa mama yake ulikuwa mrefu, na mtoto alipotoka hakulia upesi. Kilio kilikuja baadaye, chembamba kama cha paka. Sisi tulishukuru, tukachinja jogoo. Alipofika miezi saba shingo yake ilikuwa bado imelegea, na ukimwinua miguu ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Bibi yake, ambaye amelea watoto sita bila kusoma hata ukurasa mmoja juu ya malezi, ndiye aliyethubutu kusema kwa sauti: "Mtoto huyu ana jambo." Tukampeleka Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ile iliyo kilimani, na huko tukapewa jina la jambo lenyewe: mtindio wa ubongo.

Daktari alitueleza kwa subira. Alisema mtindio wa ubongo ni madhara yanayoupata ubongo ungali unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Mtoto akikosa hewa, akipata umanjano mkali usiotibiwa, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, sehemu ya ubongo inayoongoza misuli yaweza kuumia. Jeraha lenyewe haliendelei kukua, wala halifutiki. Mwili ndio hubadilika kadiri mtoto anavyokua: misuli hukaza, viungo hupinda, nyonga huweza kutoka mahali pake. "Hakuna dawa ya kuliondoa jeraha hilo," alisema, "lakini yapo mengi ya kufanya."

Sikio la mtu mwenye uchungu husikia nusu. Sisi tulisikia "hakuna dawa", na yaliyofuata yakapita juu ya vichwa vyetu. Na mtu akishaambiwa hapa hakuna dawa, miguu yake humpeleka kuitafuta kwingine.

Hapa lazima nikiri jambo. Mwaka 2011, miaka miwili kabla mtoto huyu hajazaliwa, nchi ilikuwa ikimiminika kwenda Samunge, kule Loliondo, kunywa kikombe kilichotolewa kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na watu walilala njiani siku kadhaa pamoja na wagonjwa wao. Mimi nilikaa baraza hii hii nikawacheka. Nilisema watu wale walikosa mwalimu mzuri wa sayansi. Miaka mitatu baadaye, mimi niliyefundisha sayansi, nilikuwa nimesimama katika foleni zangu mwenyewe, na kila moja nililipa zaidi ya shilingi 500. Mfa maji hukamata maji. Tangu siku hizo simcheki tena mtu aliye katika foleni. Namuuliza tu amembeba nani.

Kurasa 17 za mwanzo za daftari ni za foleni hizo. Yupo mganga wa ng'ambo ya ziwa aliyemchanja mtoto magotini na kutupa unga wa kupaka. Wapo wauza chupa za mafuta, kila chupa na jina lake. Yupo kijana mmoja mwenye mashine ya kutetemesha, iliyokuwa na taa nyekundu na kijani, aliyedai kwamba inaamsha mishipa iliyolala. Vipo vidonge vya lishe ya ubongo, vilivyouzwa na mama mmoja mwenye maneno matamu aliyetutaka na sisi tuwe wauzaji. Na ipo kliniki moja ya binafsi, ambayo sitaitaja jina, iliyotutaka tumlete mtoto mara tatu kwa wiki akanyooshwe miguu, na kila tulipouliza itachukua muda gani tulijibiwa kwamba tusikate tamaa.

Nilipojumlisha, mwishoni mwa 2017, nilipata shilingi 3,400,000. Nyingi zilitoka kwa mwanangu, baba wa mtoto, anayefanya kazi Geita. Nyingine zilitoka katika pensheni yangu. Lakini kosa la daftari langu, na nililiona nikiwa nimechelewa, lilikuwa hili: niliandika fedha peke yake.

Sikuandika machozi, kwa mfano. Kliniki ile ilipoanza kutushinda, nilisema nitamfanyia mtoto mazoezi mwenyewe. Nilikuwa nimetazama jinsi wanavyofanya, na nina ratiba kichwani kama kila mwalimu mkuu. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 1 jioni nilitandika mkeka, nikashika miguu na kuivuta hadi inyooke. Mtoto alilia. Nilijiambia kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza hulia siku ya kwanza, kisha huzoea. Hakuzoea. Ilifika mahali nikitokea tu mlangoni na mkeka kwapani, mwili wake wote unakaza kama ubao. Mkamwana wangu ni mtu wa heshima, hajawahi kunijibu vibaya tangu aolewe. Jioni moja alipiga goti pale mlangoni, akasema polepole: "Baba, naomba unisamehe. Mtoto anakuogopa." Niliukunja mkeka. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeishi miaka 67, na sikumbuki sentensi iliyonipiga zaidi ya ile.

Jambo la pili ambalo halikuwa daftarini nililigundua mwezi wa tatu wa mwaka 2018. Mjukuu anaye dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, na wakati huo alikuwa darasa la tano. Mwalimu wake wa darasa, binti niliyemfahamu, alinikuta sokoni Mkuyuni akaniamkia, kisha akasema kwa aibu kwamba mjukuu wangu hakosi somo ila siku za Alhamisi. Kila Alhamisi hayupo. Nilikwenda shuleni nikaomba kuliona daftari la mahudhurio. Ilikuwa kweli. Alhamisi mama yake alikuwa akienda kliniki peke yake bila mtu wa kumsaidia kubeba, na njia ya kushuka kwetu hadi barabarani ni ngazi za mawe tupu. Basi msichana alikuwa akibaki nyumbani, anabeba mfuko, anashika mlango wa daladala na kumshika mdogo wake kichwa. Wiki 22. Mimi ambaye kwa miaka 30 nilikuwa nikiwafuata wazazi hadi mashambani kuwauliza kwa nini mtoto hakuja shule, sikuwa nimeona utoro uliokuwa ukitoka katika mlango wangu mwenyewe.

Ndipo nikajua kwamba tiba ya mtoto mmoja hulipwa na nyumba nzima. Cherehani ya mama yake pale sokoni ilikuwa imefunikwa kitambaa karibu miaka miwili. Mgongo wake ulikuwa umeanza kuuma. Baba yake alikuwa akichukua zamu za ziada na kuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Gharama hizo hazina stakabadhi, na ndiyo maana hatuzihesabu.

Kati ya wanafunzi wangu wa zamani yupo mmoja aliyekuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilimpigia simu, naye akaja siku ya Jumapili, akanipa shikamoo, akavua viatu na kukaa chini pamoja na mtoto. Kwa karibu saa nzima hakumvuta mguu. Alimpa kijiko, akampa mpira, akatazama mkono upi unatangulia. Aliuliza anakula vipi, analala vipi, anapata degedege mara ngapi, anacheka kwa nini. Mkamwana alijibu yote bila kufikiri. Nami nikatambua kwamba katika miaka minne hakuna mtaalamu wala mganga aliyewahi kumuuliza mama huyu maswali hayo.

Kisha aliniambia mambo ambayo nitayaeleza hapa kwa ufupi, kwa kuwa naamini kila mzazi anayo haki ya kuyajua.

La kwanza lilihusu matumaini na muda. Mwaka 2002, huko Ontario nchini Kanada, watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 657 wenye mtindio wa ubongo. Waliona kwamba sehemu kubwa ya uwezo wa mtoto wa kukaa, kutambaa na kutembea huwa imeonekana kufikia umri wa miaka mitano hivi, na mapema zaidi kwa wale walioathirika sana. Mjukuu alikuwa akikaribia miaka mitano. Ilikuwa habari nzito, lakini mwanafunzi wangu aliitamka kama mtu anayetua mzigo: "Mwalimu, hii haina maana kwamba ameacha kujifunza. Ina maana kwamba msitumie utoto wake wote kuidai miguu."

La pili lilihusu kudanganywa na macho yetu wenyewe. Mwaka 2001 huko Quebec, Kanada, watoto 111 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekwa katika chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa, tiba ya gharama iliyosifiwa sana wakati ule. Kundi la pili liliwekwa katika chumba kama hicho, lakini likapewa hewa ya kawaida yenye shinikizo dogo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu yenyewe ilikuwa sawa. Mwalimu yeyote ataelewa. Ukifundisha darasa la A kwa kitabu kipya na likafaulu, usikisifu kitabu kabla hujatazama darasa la B lililotumia cha zamani. Watoto hukua. Watoto hufurahi wakishughulikiwa. Sisi tulimpaka mafuta, akaongeza miezi mitatu ya umri, akashika kijiko, tukayashukuru mafuta.

La tatu lilihusu huko kuvuta miguu. Mwaka 1988 yalichapishwa Marekani matokeo ya watoto 48 wenye mtindio wa ubongo wa miguu. Baadhi yao walifanyiwa mazoezi ya viungo mwaka mzima. Wengine, kwa miezi sita ya kwanza, wazazi wao walifundishwa kucheza nao michezo ya kuwaamsha akili na mwili, ndipo wakaanza mazoezi ya viungo. Hawa wa michezo ndio waliofanya vizuri zaidi, hata katika kutembea. Na mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Iona Novak wa Australia walizipitia tiba 64 zinazotolewa kwa watoto hawa, wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani. Za kijani zilikuwa chache. Miongoni mwake ni kumfanyisha mtoto kazi halisi anayotaka kuiweza, mazoezi ya nyumbani yaliyopangwa pamoja na familia, na kuzikagua nyonga mara kwa mara. Nyingi zilikuwa za njano, ukizifanya uangalie. Oksijeni ya shinikizo ilikuwa nyekundu. Kunyoosha misuli kwa mikono pekee hakukuwa na ushahidi wa kutosha kustahili machozi yale.

Nilimuuliza, "Sasa tufanyeje?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe si ndiye uliyetufundisha kuuliza maswali kabla ya kujibu?" Basi tukakaa, yeye, mimi, bibi na mama wa mtoto, tukaandika maswali matano katika ukurasa wa 18. Tangu hapo kila tiba inayoingia nyumba hii huyapitia kwanza.

Swali la kwanza: tunataka mtoto aweze nini, kitu ambacho hata bibi yake atakiona bila kuambiwa? "Kuamsha mishipa" hakuonekani. "Kupeleka kijiko mdomoni" kunaonekana. La pili: tutajua lini? Ipangwe tarehe, na ikifika hakuna badiliko, tuwe na ujasiri wa kuacha. La tatu: nani atalipa, kwa fedha, kwa mgongo, kwa Alhamisi za shule? La nne: tukiiacha, kitaharibika nini? La tano, ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza: mtoto mwenyewe anaionaje?

Kwa maswali hayo tulifagia. Mafuta, vidonge vya lishe, chale na mashine ya taa vilianguka katika swali la kwanza. Kliniki ya mara tatu kwa wiki ilianguka katika la pili na la tatu. Dawa za kifafa zilisimama imara katika swali la nne, kwani kuziacha ghafla ni kumhatarisha mtoto. Mimi ndiye mwenye zamu ya kuhakikisha haziishi ndani ya nyumba. Picha ya nyonga nayo ilisimama, maana nyonga hutoka mahali pake kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye hali hii, na maumivu yake huja wakati kurekebisha kumekuwa kugumu. Ukaaji wakati wa kula ulisimama. Tulikuwa tukimlisha amelala mapajani, kichwa nyuma, naye akipaliwa na kukohoa kila siku, na kifua kikimsumbua. Mwanafunzi wangu alinionyesha michoro katika kitabu cha David Werner kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kilichotoka mwaka 1987 kutokana na kazi yake huko Mexico, nami nikampelekea fundi seremala wa jirani. Akatengeneza kiti chenye meza mbele, kigingi laini kati ya mapaja na mkanda kiunoni. Kilinigharimu shilingi 65,000. Tangu siku ya kwanza kupaliwa kulipungua.

Kijiko tulikizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli ili kishikike. Ilimchukua miezi mitano kukifikisha mdomoni kwa mkono wa kushoto. Tarehe imo daftarini, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Maombi hatukuyaingiza katika mtihani. Bibi yake humwombea kila usiku, hachukui fedha, na mtoto hulala vizuri. Hiyo si tiba ya kupimwa, ni maisha ya nyumba yetu.

Usidhani basi kwamba mambo yalikwenda laini. Mwaka huo huo mwanangu alisikia habari za kituo kimoja nje ya nchi kinachoahidi kuwatembeza watoto kama hawa, akanipigia akitaka tuuze kiwanja changu cha Nyegezi. Kilikuwa na thamani ya shilingi 12,000,000 hivi, na ndicho kitu pekee kikubwa nilichobakiwa nacho. Nilimsomea maswali matano kwenye simu. Alinyamaza, kisha akasema, "Baba, wewe umemkatia tamaa mwanangu." Kwa mwaka mzima mazungumzo yetu yalikuwa salamu tu.

Nami sitasema kwamba sikutetereka. Kuna usiku nilikaa barazani, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine, nikajiuliza: je, kama kituo kile kingeweza? Je, mzee wa miaka 68 anayo haki gani ya kuamua miguu ya mtoto wa miaka mitano? Swali hilo halina jibu linalomwacha mtu salama. Kilichonishikilia kilikuwa swali la nne lililogeuzwa: tukikiuza kiwanja, kitaharibika nini? Sisi wazee tutakufa. Mama yake atazeeka. Siku moja mtoto huyu atakuwa mtu mzima anayehitaji mahali pa kulala na mtu wa kumwandalia chakula, na msichana mmoja aliyekosa Alhamisi 22 ndiye atakayeangaliwa na kila mtu. Kiwanja kikabaki. Badala yake nilichukua akiba ya pensheni, nikazivunja ngazi za mawe na kujenga njia ya zege yenye mteremko kutoka mlangoni hadi barabarani, na kibanda kidogo mbele ya nyumba ambamo cherehani ilirudi kufanya kazi.

Mwanangu alikuja likizo ya Desemba 2019. Alimkuta mtoto ameketi mezani, anakula wali kwa mkono wake, nusu unaingia na nusu unakwenda kwa kuku. Alisimama mlangoni muda mrefu. Hakusema lolote juu ya kiwanja, nami sikumuuliza. Jioni alimsukuma katika kiti mwendo, wakashuka njia ya zege hadi barabarani kutazama magari, na waliporudi wote wawili walikuwa wanacheka. Kiwanja sasa nimekiandikisha kwa majina ya wajukuu wawili.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote kuliandika. Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa. Ofisini kwangu nilikuwa nimebandika tangazo lake ukutani. Mwaka uliofuata Bunge letu lilipitisha sheria mbili zinazowahusu. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Elimu ya 1978 ilisema kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule. Nilizijua zote. Januari 1983 alifika mama mmoja katika shule niliyoiongoza, amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa miaka saba, miguu inaning'inia imepishana kama mkasi. Nilimtazama, nikaitazama foleni ya wazazi nyuma yake, nikasema kwa upole kabisa: "Mlete mwakani, mama, huenda tukapata mwalimu wa fani hiyo." Alishukuru. Hakurudi. Mahudhurio ya shule yangu mwaka ule yalisifiwa wilayani. Daftari lilikuwa safi kwa sababu yule sikumwandika.

Januari 2020 zamu ilikuwa yangu. Nilimsukuma Mjukuu hadi shule yenye kitengo cha elimu maalumu, moyo unanidunda kama mwizi. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke kijana, umri wa kuwa binti yangu. Aliniamkia, kisha akainama hadi usawa wa macho ya mtoto, akamuuliza kama anataka kusoma. Mjukuu hawezi kutamka vizuri, ila akitaka kusema ndiyo huyainua macho juu. Aliyainua. Mwalimu yule akaniuliza hiyo ina maana gani, nikamweleza. Akasema, "Basi Mwalimu, mlete Jumatatu."

Nilitoka nje nikakaa chini ya mti hadi nilipoweza kusukuma kiti tena. Maneno mawili tu, "mlete Jumatatu", na katika kurasa zote za daftari sijaona tiba iliyomfanyia kazi kuliko hiyo. Shule zilifungwa Machi mwaka ule kwa ajili ya korona na kufunguliwa mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo dada yake ndiye aliyekuwa mwalimu, kwa kipande cha ubao na chaki barazani kwetu. Alimfundisha kuchagua herufi kwa macho.

Msichana huyo amekwisha kumaliza kidato cha nne. Naye Mjukuu, kila jioni nikifungua daftari, hudai kalamu. Huishika ndani ya ngumi ya mkono wa kushoto na kuweka alama ya vema mbele ya tarehe ya siku hiyo, kubwa na iliyopinda, mara nyingine inavuka hadi ukurasa wa pili. Siku asipokwenda shule hukataa kuiweka. Sijawahi kuwa na mkaguzi wa mahudhurio mkali kama yeye.